Vitabu vya vita: kwa nini jenerali anaandika na dereva ananyamaza?

#1 Msomaji_Bukoba

Wakuu, habari za jioni.

Wiki hii nimerudia kusoma Kuzama kwa Idi Amin cha Baldwin Mzirai, kile kilichotoka 1980, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, vya Tanzania na Amin wa Uganda, vikiwa bado vya moto. Mara ya kwanza nilikisoma nikiwa darasa la sita, nakala ya baba isiyo na jalada, nikiruka kurasa kutafuta mapigano. Safari hii nimekwenda taratibu na nimebaki na jambo linanisumbua.

Vita vya Kagera vilichukua watu wengi mno. Jeshi lilipanuka likapita laki moja: Jeshi la Wananchi (JWTZ), mgambo, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), polisi, magereza. Karibu kila kijiji kilitoa mtu. Lakini ukiingia duka la vitabu leo ukaulizia kitabu alichoandika koplo, au mwanamgambo aliyevuka Mto Kagera na buti za kuazima, muuzaji anakushangaa. Tunawajua makamanda: Musuguri, Mayunga "Mti Mkavu", Walden, Marwa "Kambale". Aliyebeba sanduku la risasi hatumjui.

Dai langu ni hili, na mnaruhusiwa kunipinga: vita vya askari wa kawaida tutavipata kwenye riwaya tu. Kumbukumbu za kweli hawataandika, na wakiandika watapamba. Mtunzi wa riwaya hana cheo cha kulinda.

Nyie mnaonaje? Na kama kuna mtu anakijua kitabu cha askari wa chini kwa Kiswahili, naomba anielekeze, nitakitafuta popote.


#2 Temeke_Kwetu

Nakaa hapa hapa.

Mimi naona jibu ni fupi. Wazee wetu hawaandiki, wanasimulia. Babu akianza habari za Mutukula, kule mpakani, hamalizi kabla ya saa tano usiku. Tatizo ni kwamba inabadilika. Mwaka juzi handakini walikuwa kumi na wawili, Krismasi iliyopita wamefika ishirini. Sasa hiyo ukiiandika unaandika ipi?


#3 Kombati_Kuukuu

Mkuu #1, umesahau kitu kimoja kikubwa: kiapo.

Nimetumikia, sitasema wapi wala lini. Ukiingia unaapa, na kuna Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 ambayo haina mchezo. Ukistaafu, kiapo hakistaafu. Jenerali anajua lipi limeshasemwa hadharani na lipi bado, na akikosea ana watu wa kumwambia "afande, hapa futa." Koplo hana mtu wa kumuuliza. Akiandika jina la kilima, hajui kama ameandika siri. Kwa hiyo ananyamaza. Si woga, ni nidhamu.


#4 Mwl_Ushairi

Ndugu zangu, naona mnatafuta kitu kwa umbo moja tu, la kitabu cha nathari chenye picha ya mwandishi nyuma. Kiswahili kimeandika vita kabla ya nchi hizi kuwa nchi. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi wa vita vya Wadachi, ile ya 1888 na 1889 wakati Abushiri anapambana na Wajerumani, na aliishi pwani hiyohiyo mambo yakitokea. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi wa Maji Maji. Shaaban Robert ana Utenzi wa Vita vya Uhuru, 1939 hata 1945. Na Kagera ina utenzi wake: Henry Muhanika, 1981.

Kumbukumbu zipo. Zina vina.


#5 Temeke_Kwetu

Mwalimu shikamoo. Ila Shaaban Robert hakwenda vitani, si kweli? Alikuwa karani wa serikali huku nyumbani. Kwa hiyo hata utenzi unatungwa na asiyeshika bunduki. Umemsaidia mkuu #1 badala ya kumpinga.


#6 Mwl_Ushairi

Marahaba. Kuhusu Shaaban Robert umesema kweli, vita alivifuata kwa habari zilizofika huku. Lakini hoja yangu ipo palepale: mtunzi wa utenzi hasemi "mimi nilifanya". Anasema "tulivyoona", "ilivyokuwa". Adabu ya utenzi haimruhusu mtu kujiweka katikati. Labda ndiyo sababu mzee wa Kagera anaona haya kuandika "mimi" kurasa mia mbili. Amelelewa kwenye lugha ambayo kujisimulia ni kujisifu.


#7 Msomaji_Bukoba

Hiyo ya "mimi" sikuwahi kuifikiria. Naiweka akilini.


#8 Mteremko_wa_Nyeri

Hamjambo. Naandika kutoka Kenya, nikiwa na pingamizi kwa #3 na kwa Mwalimu pia.

Kwetu watu wa Mau Mau waliandika, tena mapema. J. M. Kariuki alitoa kitabu chake cha kizuizini 1963. Waruhiu Itote, Jenerali China mwenyewe, alitoa chake 1967. Kumbukeni Itote alikuwa amepigana Burma na Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, wakati wa vita vya pili vya dunia, kwa hiyo ni mtu wa vita viwili. Gakaara wa Wanjau aliandika shajara akiwa kizuizini, ikatoka 1983 kwa Kikuyu, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Noma.

Sasa sikilizeni: Mau Mau kisheria iliendelea kuwa chama haramu hadi 2003. Wale watu waliandika kuhusu chama kilichopigwa marufuku, na walikuwa wamekula kiapo kizito kuliko cha jeshi lolote. Kwa hivyo kiapo pekee hakitoshi kueleza kimya chenu.

Maoni yangu ni kuwa anayeandika ni mwenye kesi. Walirudi wakakuta mashamba yamegawanywa na viti vimekaliwa na wengine. Kitabu kilikuwa ushahidi wao. Nyinyi mlishinda, mkapokewa kwa shangwe, mkapewa nishani, mkaambiwa asanteni. Mshindi hana kesi, hana cha kuandika.


#9 Kombati_Kuukuu

Ndugu wa Nyeri, hoja yako nzuri ila kuna tofauti. Kiapo cha msituni walikula wao kwa wao. Cha jeshi unaapa kwa dola, na dola bado ipo na inakulipa pensheni.

Na hilo la kushinda na kupokewa kwa shangwe, shangwe zilikuwa za wiki chache. Baada yake tuliambiwa tufunge mikanda miezi 18, na miezi 18 ikageuka miaka. Mwanamgambo alirudi kijijini akakuta hakuna sabuni. Hakuwa na kesi, unasema?


#10 Mkanda_Mkiani

Kuhusu kumbukumbu kubadilika (#2), nina mfano ambao kila mmoja wetu anaubeba. Ile hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, ya kutangaza vita. Muulize mtu yeyote barabarani, atakwambia "nia tunayo, sababu tunayo, uwezo tunao". Sikiliza kanda. Mwalimu alianza na uwezo: uwezo wa kumpiga tunao, ikafuata sababu, ikamalizia nia. Taifa zima limepanga upya sentensi ya dakika moja, tena iliyorekodiwa. Sembuse mzee mmoja na usiku mmoja wa mwaka 1979.


#11 Temeke_Kwetu

Nimetoka kuisikiliza sasa hivi. Ni kweli kabisa. Miaka yote naisema vibaya na nimeshawahi kubishana na watu juu yake.


#12 Nyuki_wa_Tanga

Mmenigusa. Watu wa Tanga tuna kesi yetu ya mwaka 1914.

Novemba ile Waingereza walishusha jeshi kubwa kutoka India, kama watu elfu nane, kuja kuchukua mji uliokuwa na askari wa kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck wapatao elfu moja. Wakashindwa. Katikati ya mapigano nyuki wakatoka mizingani kwa sababu ya risasi, wakawauma watu. Ndiyo maana vikaitwa vita vya nyuki. Simulizi za upande wa Waingereza zikavumisha kwamba Wajerumani waliwatega wale nyuki makusudi, kwa kamba na mitego. Nyuki waliuma pande zote mbili! Lakini aliyeshindwa akihitaji sababu, nyuki nao wanapewa cheo.

Hapo ndipo namuunga mkono #1. Kumbukumbu za vita ni kesi ya mahakamani ambayo mshtakiwa ndiye karani.


#13 Mteremko_wa_Nyeri

Ndugu Nyuki, umesema nilichosema mimi #8 kwa maneno matamu zaidi. Mwenye kesi ndiye huandika.


#14 Nyuki_wa_Tanga

Hapana, nimesema kinyume chake. Wewe unasema mwenye kesi anaandika kwa hiyo tushukuru. Mimi nasema mwenye kesi anaandika kwa hiyo tuwe macho.

Na kabla sijasahau: askari mweusi wa vita ile naye aliandika. Kleist Sykes alipigana chini ya Mjerumani akiwa kijana, baadaye akaacha maandiko ya maisha yake, na mjukuu wake akayatumia kuandika habari zake kwenye kitabu cha Watanzania wa zamani kilichotoka 1973. Msiseme hawakuandika. Semeni hatukuchapa.


#15 Mhariri_Mstaafu

Naona nimeitwa bila kutajwa.

Nilifanya kazi miaka sita kwenye nyumba moja ya uchapishaji, sitaitaja. Miswada ya askari ilikuwa inakuja. Si mingi, labda miwili mitatu kwa mwaka, lakini ilikuja. Mmoja siusahau. Mzee alileta kaunta buku mbili zimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Mwandiko wa shule ya zamani, herufi zimelala upande mmoja, hakuna aliporuka mstari. Ameandika kwa kalamu ya bluu, ila majina ya watu yote kwa nyekundu.

Kulikuwa na kurasa nne nzima za majina tu. Kombania yake yote, kila mtu na kijiji chake: fulani wa Nzega, fulani wa Newala, fulani wa Kondoa. Wengine pembeni ameweka msalaba mdogo. Nikamwambia, mzee, kitabu ni kizuri, ila hizi kurasa nne msomaji atazichoka, tuzitoe tubakize wachache. Aliniangalia muda mrefu. Kisha akafunga kaunta buku zake na ule mpira, akasema, "Mwanangu, mimi niliandika kurasa hizo nne. Hizo nyingine nilijaza ili zipate kitabu cha kukaa." Akaondoka. Sikumwona tena.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nilidhani najua kazi yangu. Leo ningezichapa kurasa zile nne peke yake.

Kwa wanaouliza sababu za kibiashara: soko la vitabu vya Kiswahili ni shule. Kitabu kisipoingia kwenye orodha ya shule kinauzwa nakala mia chache na kuozea stoo. Na mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati kumbukumbu bado mbichi, karatasi zenyewe zilikuwa za kutafutwa. Daftari la mtoto wa shule lilikuwa shughuli, sembuse kitabu cha kurasa mia tatu.


#16 Msomaji_Bukoba

Mhariri, nimesoma hapo nikasimama. Hukuchukua hata anwani yake?


#17 Mhariri_Mstaafu

Ilikuwa kwenye barua iliyokuja na mswada. Mswada ulipoondoka na barua iliondoka nao.


#18 Binti_Afande

Samahani nachelewa kuingia. Nyote mnazungumza kana kwamba wangeweza kuandika ila kuna kitu nje kimewazuia: sheria, karatasi, soko, adabu. Mimi ni muuguzi, na ni mtoto wa askari aliyefika Kampala.

Baba alilala taa ikiwaka mpaka anakufa. Umeme ukikatika usiku alikuwa anaamka kabla yetu sote na kukaa kitandani, miguu chini, viatu vimevaliwa. Tulizoea. Katika miaka yote aliniambia jambo moja tu la vita. Siku moja nilitoka sokoni na ndizi mbivu, za kuiva sana, zenye madoa meusi. Akaniomba nizitoe nje. Baadaye akaniambia kwamba walipovuka mto kuingia vijiji vya upande wa pili, watu walikuwa wamekimbia, mashamba yameachwa, na ndizi zimeiva zikaoza mitini. Kila mahali harufu hiyo, tamu. Na chini ya migomba kulikuwa na vitu vingine vimeoza. Hakuendelea.

Sasa mtu huyu aandike nini? Kitabu chake chote kilikuwa ndani ya harufu. Mkuu wa kiapo, nakuheshimu, lakini baba hakunyamaza kwa nidhamu. Ilikuwa inamwuma.


#19 Kombati_Kuukuu

Dada, pole sana. Nakubali kwa baba yako. Siwezi kukubali kwa wote.


#20 Temeke_Kwetu

Na mimi nirudi kwenye riwaya, maana mkuu #1 alizisifia. Nimesoma moja ya mfukoni ya vita hivi, jina nimeshalisahau, shujaa anaiweka saba saba begani na kulipua kambi nzima ya nduli. Na sura hiyohiyo inasema Kampala iliangukia mikononi mwetu tarehe 7 Aprili. Nikaitupa.


#21 Nalongo_Masaka

Salamu kutoka Uganda. Kiswahili nilijifunza Mwanza nikiwa mwanafunzi, mnisamehe nikiteleza.

Tarehe 7 ni Entebbe. Kampala ilikuwa 10 na 11, na tarehe 11 ndiyo redio ilitangaza. Na saba saba haiwekwi begani! Ni mitambo ya roketi iliyofungwa nyuma ya lori, mirija 40. Sisi Uganda ndio tuliipa jina hilo, na tulilijua kwa masikio kabla ya kuliona kwa macho. Mama anasema ilikuwa kama mtu anachana shuka kubwa mbinguni.

Mimi ni wa Masaka. Nimesoma uzi wote kwa makini kwa sababu vitabu vyenu vinafika Masaka tarehe 24 Februari, vinasema mji umetekwa, na ukurasa unaofuata tayari mko Lukaya mnapigana na Walibya waliokuja kumsaidia Amin. Kati ya aya hizo mbili mji wetu ulivunjwa. Mizinga ilianza, na baada ya mji kuchukuliwa majengo mengi yalilipuliwa, kisasi cha yaliyofanywa Kagera. Nimekua nikipita kwenye magofu hayo kwenda shule. Mama anawapenda Watanzania, aliwapikia, anasema walimwondolea Amin. Na mama huyohuyo anasema duka la baba yake lililipuliwa na hao hao. Anayasema yote mawili bila kupumua katikati. Sijaona kumbukumbu wala riwaya iliyoweza kuyaweka pamoja.

Kitu kingine. Kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya kizuizi cha barabarani, lugha ya "lala chini". Nilipokwenda Mwanza nikakuta watoto wanaimba kwa lugha hiyo, wanabembelezwa nayo, nilishangaa wiki nzima. Kwa hiyo mkiuliza kwa nini hakuna vitabu vya vita kwa Kiswahili, mimi nauliza vingesomwa na nani upande wetu.


#22 Msomaji_Bukoba

Nalongo, karibu sana, na asante kwa masahihisho. Nakiri kwamba nilipoanzisha uzi sikuwaza upande wako hata kidogo. Na mimi ni wa Bukoba, nyumba za kwetu ng'ambo ya mto zilichomwa na wa kwenu. Nilidhani hadithi inaishia hapo.


#23 Mti_wa_Kivuli

Na hata Mutukula. Ilisawazishwa kwa magreda ikabaki uwanda. Hilo walioandika wamelitaja.

Ninachopinga ni hii sifa ya riwaya. Nimesoma kumbukumbu nyingi za vita, za hapa na za nje, na kasoro yake kubwa naijua: sijawahi kukutana na mwandishi aliyekimbia. Wenzake wanakimbia, yeye anabaki. Lakini riwaya nazo zina kasoro ileile, tena mbaya zaidi, kwa sababu mtunzi ana uhuru wote na bado anatuletea shujaa asiyeogopa. Kama uhuru wa riwaya ungekuwa na maana, tungeshasoma ya mtu aliyekimbia.


#24 Utingo_wa_Zamani

Mimi nilikimbia.

Huwa nasoma tu humu, mjukuu ndiye alinifungulia. Jina nimeweka Utingo ingawa nilikuwa dereva, sababu yake mtaiona.

Lori lilikuwa la kubeba pamba, la mtu binafsi. Serikali ilichukua malori na mabasi nchi nzima, na la tajiri wangu likachukuliwa na mimi ndani yake. Sikuwa askari. Nilipewa kombati ya saizi kubwa na nikaambiwa fuata la mbele. Tulipofika Kyaka daraja lilikuwa limelala mtoni, tukangoja hadi wahandisi walipotuvusha. Nilibeba unga, nilibeba maharage, nilibeba risasi, na kurudi nilibeba majeruhi. Hiyo ya kurudi sitaieleza.

Lori lile lilikuwa na mlango mbovu upande wa utingo. Kitasa cha ndani kilikatika tangu Shinyanga, ulifunguliwa kwa nje tu. Kila tukisimama mimi nashuka, nazunguka mbele ya taa, namfungulia. Ilikuwa mazoea, hata hatukuongea, nazunguka namfungulia.

Usiku mmoja baada ya Masaka, njia ya Lukaya, kinamasi cha mafunjo kiko mbele, mizinga ikaanza kupiga karibu. Madereva tukaruka. Niliingia kwenye migomba nikalala kifudifudi, nikaziba masikio. Nilikaa humo mpaka kunakucha. Injini niliiacha inanguruma, ikazimika yenyewe usiku dizeli ilipokwisha. Alfajiri ndipo nilipokumbuka mlango.

Alikuwa amekaa pale pale. Hakuumia. Kioo kilikuwa kimeshushwa robo, hakikushuka zaidi ya hapo, na upande wangu kulikuwa na magunia tuliyoyapanga wenyewe mpaka kwenye paa, mimi nilikuwa napita kwa ubavu. Nilizunguka mbele ya lori nikamfungulia. Akashuka, akajisaidia, akasema, "Tutafute dizeli." Basi.

Tulirudi wote salama. Tumeishi Mwanza mji mmoja miaka thelathini, tumekunywa chai mamia ya mara, tumezikana wazazi. Hakuwahi kuutaja usiku ule, na mimi sikuwahi. Alifariki 2011.

Nimesoma sababu zenu zote. Karatasi, kiapo, soko, haya. Inawezekana. Yangu ni kwamba nikiandika, lazima nimwandike na yeye, na sikumwomba ruhusa akiwa hai.


#25 Mti_wa_Kivuli

Mzee wangu, shikamoo. Nafuta nilichosema #23, au tuseme sasa nimekutana na mmoja. Sikutegemea ingekuwa humu.


#26 Binti_Afande

Shikamoo mzee. Nimesoma hiyo ya kuzunguka mbele ya taa mara tatu. Asante.


#27 Mhariri_Mstaafu

Mzee, shikamoo. Sina nyumba ya uchapishaji tena, lakini nina mikono na macho. Ukitaka kuandika nitakuja Mwanza kwa gharama yangu. Na sitafuta jina la mtu hata mmoja.


#28 Utingo_wa_Zamani

Marahaba wote. Mhariri, karibu Mwanza ule sato. Mambo ya kuandika tutaona.


#29 Kombati_Kuukuu

Mzee, nakupigia saluti. Ila nisamehe, hoja yangu inabaki: wewe hukuapa kwa sababu ulikuwa dereva wa raia, na ndiyo maana wewe ndiye uliyesema. Angalia uzi mzima, askari aliyekula kiapo hajasema neno humu, nikiwemo mimi.


#30 Mteremko_wa_Nyeri

Na mimi nabaki na yangu: mzee ana kesi, ila mshtaki ni yeye mwenyewe. Hiyo sikuiweka kwenye hesabu zangu. Shikamoo mzee.


#31 Mwl_Ushairi

Mmeona alivyoandika? "Mimi" yake haikujisifu hata mara moja. Nilisema lugha yetu haina nafasi ya "mimi" ya vita. Naona nilisema haraka.

Aliyeulizia vitabu huko juu, utenzi wa Muhanika ninao, ila nakala yangu imeliwa na mchwa kuanzia katikati. Mwenye nusu ya pili anitafute tuunganishe.


#32 Nyuki_wa_Tanga

Mwalimu, maktaba ya mkoa hapa iliwahi kuwa nayo. Jumatatu napita kuangalia, sitoi ahadi.


#33 Nalongo_Masaka

Mzee, shikamoo. Swali moja. Ile njia ya Lukaya, mlikolala kwenye migomba, palikuwa na kanisa dogo la matofali mekundu karibu, upande wa kushoto ukitokea Masaka? Mama alikimbilia shamba la shangazi yake maeneo hayo na watoto wawili. Anasema asubuhi moja aliona wanaume wawili wamekaa chini ya lori lisilo na mafuta, akawapelekea matoke kwenye jani. Malori yalikuwa mengi, najua. Nauliza tu.


#34 Utingo_wa_Zamani

Kanisa silikumbuki, mwanangu, palikuwa na ukungu wa kinamasi. Matoke kwenye jani tulipewa, zaidi ya mara moja, na watu zaidi ya mmoja. Muulize mama kama mmoja wetu alikuwa na shati la njano chini ya kombati. Utingo wangu hakulivua shati lile tangu Shinyanga.


#35 Nalongo_Masaka

Amelala sasa. Nitamuuliza asubuhi.